Mistari Iliyofungwa Mdomo: Kusoma lightdm.conf

Ukifungua faili la /etc/lightdm/lightdm.conf kwenye kompyuta iliyowekewa Debian na mazingira ya Xfce, kabla mtu hajaligusa, utakuta maandishi mengi na amri hakuna. Mistari inapita mia moja. Karibu yote imetanguliwa na alama ya reli, #, na kwa mashine alama hiyo ina maana moja tu: ruka. Visivyo na reli ni vichwa vinne vilivyofungwa kwa mabano ya mraba, [LightDM], [Seat:*], [XDMCPServer] na [VNCServer], na chini ya kila kichwa, kwa macho ya mashine, hamna kitu. Kompyuta inalisoma faili zima na kutoka mikono mitupu. Binadamu akilisoma anatoka na ramani ya karibu kila uamuzi unaopita kati ya kuwaka kwa mashine na kufunguka kwa skrini yake ya kazi.

Mafaili ya namna hii tumezoea kuwaachia mafundi: yafunguliwe, libadilishwe neno moja, yafungwe. Lakini ni maandishi. Yana mwandishi, yana wasomaji wa aina mbili wasiofanana hata kidogo, na yana mpangilio uliochaguliwa huku mwingine ukiachwa. Nitakalolitetea hapa ni kwamba fani ya faili hili, namna lilivyopangwa, ndiyo inayomwezesha mtu wa kawaida kuitawala mashine yake, na fani hiyohiyo ndiyo inayomficha uzito wa jambo analolifanya.

LightDM ni programu inayosimamia kuingia. Mfumo endeshi ukishasimama, programu hii ndiyo inayowasha skrini ya picha, kuthibitisha aliyefika, na kumfungulia mazingira yake. Haichori chochote yenyewe. Kisanduku cha jina na nywila huchorwa na programu nyingine, nitakayoiita mpokezi, na mpokezi huyo anaweza kubadilishwa bila LightDM kuguswa. Iliandikwa na Robert Ancell wa kampuni ya Canonical, ikaingia Ubuntu katika toleo la 11.10 mwezi Oktoba 2011, ikadumu hapo hadi toleo la 17.10, mwaka 2017, Ubuntu iliporudi kwenye GDM ya mradi wa GNOME. Xubuntu haikuiacha, Linux Mint nayo inaitumia, na Debian huiweka sambamba na Xfce. Ndiyo maana anayefufua kompyuta kuukuu kwa mfumo mwepesi mara nyingi hukutana na faili hili hata kama hakulitafuta.

Tuanze na mshororo. Kila mpangilio ni mstari mmoja uliokatwa na alama ya sawasawa:

#minimum-vt=7
#user-session=default
#autologin-user-timeout=0

Anayejua shairi la vipande viwili ataufahamu mkato huu mara moja. Kuna ukwapi, kuna utao, na pumzi hukatwa palepale kila mara. Ukwapi hauna uhuru wowote. Umeshaandikwa na mwandishi wa programu, herufi kwa herufi, hata herufi kubwa na ndogo zina maana, na ukikosea moja tu mstari mzima unakufa. Utao ndio sehemu ya msomaji. Hapo anaweza kuandika namba, jina la mtu, njia ya kufikia programu, au neno la kukubali na kukataa. Kwa hiyo kila mstari ni swali lililokwisha kuundwa na mwingine, na anayelijibu hana ruhusa ya kuliuliza upya.

Ipo pia mistari yenye ukwapi bila utao. Mstari wa #guest-session= unaishia kwenye sawasawa. Vivyo hivyo #display-setup-script= na #autologin-user=. Baada ya alama ni weupe mtupu. Katika shairi tungesema mizani imepungua na mtunzi arudi akaijaze. Hapa weupe ni jibu kamili: hakuna mtu, hakuna programu, hakuna la kufanya. Mwandishi angeweza kuiacha mistari hiyo kabisa na mashine isingetofautisha. Aliiandika ili msomaji ajue kuwa swali lipo. Huo ni ukarimu wa kweli, na ni nadra. Programu nyingi huficha maswali yao hadi uende kuyachimba katika kitabu cha maelekezo.

Sasa tazama reli yenyewe kwa karibu. Kuna reli za aina mbili, na tofauti yao ni nafasi moja tupu. Reli ya maelezo imeachana na neno linaloifuata, na hata alama ya sawasawa ndani ya mstari wake imepewa nafasi pande zote mbili. Baada yake inakuja sentensi ya kueleza mpangilio unafanya nini. Reli ya amri iliyolazwa imegandana na neno, na sawasawa yake imebanwa. Hakuna mahali palipoandikwa kanuni hii. Jicho linaijifunza baada ya mistari michache: palipo na nafasi, unafundishwa, pasipo na nafasi, unakabidhiwa. Ukiondoa reli ya aina ya pili unapata amri inayofanya kazi. Ukiondoa ya aina ya kwanza unaacha sentensi ya maelezo ndani ya faili, na mashine itajaribu kuisoma kana kwamba ni mpangilio.

Kwa sababu hiyo kila jambo katika faili hili linatajwa mara mbili. Kwanza linatajwa katika orodha ya maelezo, kisha linarudi katika orodha ya mipangilio, kwa mfuatano uleule. Takriri hii imetekelezwa vibaya. Katika sehemu ya [Seat:*] maelezo yamerundikwa yote juu ya kichwa, mstari baada ya mstari, ndipo mipangilio ifuate yote chini yake. Msomaji anayetaka kujua session-wrapper ni nini analazimika kupanda, kutafuta, kushika akilini, kushuka tena. Fundi mzoefu haoni shida. Anayeanza hupoteza uzi katikati ya safari, na wakati mwingine hubadilisha mstari wa jirani. Laiti kila maelezo yangewekwa juu ya mstari wake, faili lingekuwa na urefu uleule na lingesomeka kwa nusu ya jasho.

Vichwa vya sehemu vina mamlaka makubwa kuliko vinavyoonekana kuwa nayo. Muundo huu wa mabano ya mraba na mistari ya sawasawa husomwa kwa kanuni za maktaba ya GLib, na kanuni mojawapo ni kwamba mstari hauna maana nje ya kichwa chake. Andika autologin-user chini ya [LightDM] badala ya [Seat:*], na hakuna kitakachotokea. Skrini haitasema kitu. Mstari utakaa pale, umeandikwa sawasawa, umeondolewa reli, na haumhusu yeyote. Wengi hukwama hapa kwa saa nzima wakiukagua mstari ambao hauna kosa lolote, kwa sababu kosa liko mistari arobaini juu yake.

Kichwa [Seat:*] kinastahili neno zaidi. Seat hapa ni seti moja ya skrini, kibodi na kipanya anayoikalia mtu mmoja, na nyota ni kusema zote. Kompyuta moja inaweza kuhudumia seti mbili au zaidi, kila moja na mtu wake, na ndiyo sababu mtu anaweza kuandika [Seat:seat0] na kuipa seti ya kwanza kanuni zake peke yake. Zamani kichwa hiki kiliitwa [SeatDefaults]. Jina lile lilikuwa rahisi kulielewa. Hili jipya lina uwezo mkubwa zaidi, na linamtaka msomaji ajue nyota hufanya kazi gani. Maelekezo ya kale yenye jina la kale yangali yanazunguka, na LightDM ikikutana nalo huandika onyo katika kumbukumbu yake, kwenye /var/log/lightdm/lightdm.log, kwamba jina limebadilika. Onyo limewekwa mahali pazuri kwa fundi na pabaya kwa kila mtu mwingine.

Mstari ninaoupenda kuliko yote, na ambao ukiukalia kwa muda utakufunulia faili zima, ni huu:

#greeter-hide-users=false

Unahusu orodha ya majina. Mpokezi anaweza kuonyesha majina ya watumiaji wote wa kompyuta ili kila mtu alibonyeze lake, au anaweza kuonyesha kisanduku kitupu na kumwachia mtu aandike jina mwenyewe. Angalia lilivyoundwa swali. Ukwapi unasema ficha, utao unasema hapana. Ili majina yaonekane, unakana kufichwa kwake. Mistari michache baadaye iko #greeter-show-manual-login=false, na hapo swali limegeuzwa: ukwapi unasema onyesha nafasi ya kuandika jina kwa mkono, utao unasema hapana. Mwandishi angeweza kutumia kitenzi kimoja kwa yote mawili. Hakufanya hivyo, na chaguo lake lina maana. Anayeuliza "tufiche?" anachukulia kuwa hali ya kawaida ni kuonekana. Anayeuliza "tuonyeshe?" anachukulia kuwa hali ya kawaida ni kutokuonekana. Kwa sarufi hiyo tu tunaiona picha ya kompyuta aliyokuwa nayo akilini: mashine ya nyumbani au ya ofisi ndogo, watu watatu wanne wanaojuana, kila mmoja anabonyeza jina lake na kuendelea.

Picha hiyo ni mpya ukiilinganisha na ukoo wa programu hizi. Babu yao, xdm, aliyeandikwa na Keith Packard na kutolewa na toleo la tatu la X11 mwaka 1988, hakuwa na orodha yoyote. Alikuwa na nafasi mbili tupu, ya jina na ya nywila, na ukikosea kimojawapo alijibu kwa sentensi ileile moja ya kwamba umeingia vibaya, bila kusema ni kipi ulichokosea. Hiyo ni desturi ya Unix tangu zamani: mgeni asipewe hata nusu ya siri. Orodha ya majina inatoa nusu hiyo bure. Mtu yeyote anayepita mbele ya skrini anajua nani ana akaunti humo. Nyumbani hakuna neno. Kwenye kaunta ya zahanati au ofisi ya mikopo, mahali wateja wanapokaa wakisubiri huku skrini ikiwatazama, ni jambo la kufikiria mara mbili.

Watunzaji wa Debian walilifikiria, na hapa ndipo usomaji unapokuwa mtamu. LightDM hailisomi faili letu peke yake. Inaanza na mafaili yaliyo katika /usr/share/lightdm/lightdm.conf.d/, ambamo mfumo wenyewe huweka chaguo zake. Inafuata folda ya /etc/lightdm/lightdm.conf.d/, ya msimamizi. Mwisho kabisa inasoma /etc/lightdm/lightdm.conf. Jambo likitajwa zaidi ya mara moja, anayesema mwisho ndiye anayeshinda. Ndani ya ile folda ya kwanza Debian imeweka kifaili kifupi kiitwacho 01_debian.conf, na kinasema, bila reli yoyote mbele, greeter-hide-users=true.

Rudi sasa kwenye mstari wetu. Unasema false. Lakini umelazwa, na mstari uliolazwa haujasema kitu, kwa hiyo aliyesema mwisho ni kifaili cha Debian, na ukweli wa mashine ni true. Mwanafunzi anafungua lightdm.conf kwa sababu orodha ya majina haionekani. Anaupata mstari. Anausoma: kuficha, hapana. Anashangaa, kwa maana maandishi mbele yake yanamwambia kwamba hakuna kinachofichwa, na skrini inamwonyesha kimefichwa. Akiondoa reli, bila kubadilisha herufi nyingine hata moja, majina yanatokea. Mstari uleule, maneno yaleyale, lakini ulipokuwa kimya ulikuwa si kweli, na ulipofunguliwa mdomo ukawa kweli.

Katika uhakiki wa riwaya tuna msimulizi asiyeaminika, anayetusimulia mambo kwa sauti ya uhakika hadi ukweli unapochungulia kutoka upande mwingine wa kitabu. Sauti ya lightdm.conf ni ya aina hiyo, ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya. Mistari iliyolazwa inasimulia chaguo-msingi za LightDM kama ilivyotoka kwa mwandishi wake. Haijui kwamba Debian imepita katikati. Na hata usimulizi huo wa chanzo hauko sawa kote. Mstari wa #greeter-session=example-gtk-gnome unataja mpokezi ambaye hayupo kwenye mashine yako; ni jina la kuonyesha mfano tu, limekaa katika safu moja na chaguo-msingi za kweli kama #greeter-user=lightdm, limevaa reli ileile. Msomaji hana njia ya kulitambua kwa umbo. Kasoro hii naiona nzito kuliko ile ya maelezo kukaa mbali na mistari, kwa sababu inavunja ahadi ambayo faili zima limeijenga: kwamba ulichokiona kimelazwa ndicho kinachotendeka.

Nilisema fani hii inaficha uzito. Shuka na jicho kwenye safu ya [Seat:*] uone mfuatano. Mstari mmoja unahusu ruhusa ya kubadilishana watumiaji bila kufunga kazi. Mwingine unahusu mgeni. Mingine inataja programu za kuendeshwa kabla na baada ya mtu kuingia. Yote ina urefu unaokaribiana, yote ina reli moja, yote ina sauti moja. Hakuna mstari unaosimama wima kuliko mwingine.

Chukua #allow-guest=true. Unaruhusu mtu asiye na akaunti kuingia kama mgeni, afanye kazi ndani ya makazi ya muda yanayofutwa akitoka. Kwa miaka kadhaa Ubuntu iliwapa watu wake huduma hiyo, na usalama wake ulitegemea uzio wa AppArmor uliomzuia mgeni kuchungulia mafaili ya wenyeji. Mwaka 2017 ikabainika kwamba katika matoleo ya 16.10 na 17.04, baada ya vikao vya watumiaji kuanza kuendeshwa kwa systemd, uzio ule haukumzunguka tena mgeni. Aliyekaa mbele ya kompyuta angeweza kufungua kikao cha mgeni na kutembelea folda za nyumbani za watu wengine. Dosari hiyo iliandikishwa kwa namba CVE-2017-8900, na Ubuntu ikatuma sasisho la kumfungia mgeni mlango hadi msimamizi aufungue mwenyewe. Maandishi ya mstari hayakuwa yamebadilika. Kilichobadilika ni dunia nje ya mstari, na neno true likabeba hatari ambayo siku moja kabla halikuwa nayo.

Halafu kuna mstari wenye weupe niliokwisha kuutaja:

#autologin-user=

Fikiria maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari. Wanafunzi husahau nywila, kipindi ni cha dakika arobaini, na dakika kumi zinaishia kwenye skrini ya kuingilia. Mwalimu wa zamu anamwomba fundi: "Iondoe tu hiyo nywila." Fundi anafungua faili, anaondoa reli, anajaza weupe kwa jina la akaunti ya wanafunzi, anahifadhi. Kompyuta ikiwaka tena inapitiliza moja kwa moja hadi skrini ya kazi. Ombi la mwalimu ni la haki, na utekelezaji wake ni wa neno moja.

Neno hilo limefanya nini? Jibu haliko katika lightdm.conf. Juu zaidi, karibu na mwanzo wa [Seat:*], kuna mstari #pam-autologin-service=lightdm-autologin, na jina hilo linaelekeza kwenye faili jingine, /etc/pam.d/lightdm-autologin, lenye lugha tofauti kabisa. Ukifika huko kwenye Debian utakuta kanuni inayomkataa root asiingie kwa njia hii, na baada yake moduli iitwayo pam_permit, ambayo kazi yake ni kukubali kila anayeletwa. Hiyo ndiyo maana ya kujaza weupe. Mfumo wa Arch umeongeza sharti lake: jina ulilolijaza lisipokuwa katika kundi la autologin, halipiti. Kwa hiyo mstari mmoja wenye maneno yaleyale unafanya kazi hapa na kugoma kule, na faili lenyewe halina hata nusu ya maelezo ya kwa nini.

Kuna pia matokeo mengine ambayo mstari hauyaashirii. Nywila ya kuingia hutumika pia kufungua hifadhi ya siri za mtumiaji, mahali zinapolazwa nywila za mtandao wa Wi-Fi na za barua pepe. Asipoandika nywila mlangoni, hifadhi inabaki imefungwa, na programu ya kwanza itakayoihitaji itamletea kisanduku cha kudai nywila ileile aliyodhani ameachana nayo. Mwanafunzi aliyeondolewa usumbufu mmoja anakutana nao ndani, na sasa hajui unatoka wapi.

Silaumu ufupi. Faili la mipangilio haliwezi kuwa kitabu. Ninachokilaumu ni usawa wa sauti, kwamba #autologin-user= na #minimum-display-number=0 zimeandikwa kana kwamba ni mambo ya daraja moja. Nafasi ya mstari mmoja wa maelezo juu ya ule mzito, wenye kusema kwamba ukijaza hapa hakuna atakayeulizwa nywila, ingetosha kabisa.

GDM imechagua njia iliyo kinyume, na ni vyema kuitazama kidogo. Faili lake, custom.conf kwenye Ubuntu na Fedora, daemon.conf kwenye Debian, ni fupi mno. Kwenye Debian, chini ya [daemon] kuna mistari michache iliyolazwa: mmoja wa kuilazimisha skrini ya kuingilia itumie Xorg badala ya Wayland, kadhaa ya kuingia bila nywila kwa mtu wa mfano aitwaye user1, mwingine ukimpa sekunde kumi kabla ya kuingizwa. Kisha vinafuata [security], [xdmcp] na [chooser], vichwa visivyo na kitu chini yake, hata reli. Havimwambii msomaji lolote. Vinamjulisha kuwa hapo kuna chumba na kumwacha nje ya mlango. Orodha ya majina, ambayo LightDM inaizungumzia palepale, GDM imeihamishia kwenye hifadhi ya dconf, kwa jina la disable-user-list, na kwenye Fedora anayetaka kuibadilisha ni lazima ajue kuandika faili katika /etc/dconf/db/gdm.d/ na kuendesha dconf update. Faili fupi linapendeza machoni. Mimi nachagua lile refu lenye kasoro, kwa kuwa linanipa cha kuuliza.

Sehemu za mwisho za lightdm.conf zina harufu ya wakati. [XDMCPServer] imelazwa na enabled=false, ikitaja mlango namba 177, na inatoka enzi za kompyuta kubwa moja kuhudumia skrini nyingi kupitia mtandao, bila kusimba chochote njiani. [VNCServer] inapendekeza skrini ya 1024 kwa 768 yenye kina cha rangi cha biti 8. Anayetumia skrini ya leo atajua mara moja kwamba namba hizo hazijaguswa muda mrefu, na kwamba hakuna aliyeona haja ya kuzigusa kwa sababu wachache sana hufika huko.

Maandishi bora kabisa katika mkusanyiko huu mzima, kwa maoni yangu, hayamo katika lightdm.conf. Yamo katika kile kifaili cha Debian, 01_debian.conf. Kina mistari mitatu tu ya amri: mpokezi gani atumike, majina yafichwe, na kikao kianze kupitia /etc/X11/Xsession. Juu yake kuna maelezo ya vistari vitatu, na kila kistari kinatoa sababu. Cha pili kinaeleza kwamba orodha inafichwa kwa kuwa hawataki kuwaanika watumiaji, na kwa Kiingereza chake kinatumia nafsi ya kwanza wingi. Katika mistari zaidi ya mia ya lugha isiyo na mtu, ghafla kuna "sisi", kuna watu waliokaa wakaamua, na wametia saini ya nafsi chini ya uamuzi wao. Ukibishana nao unajua unabishana na hoja gani.

Kifaili hiki kinaonyesha pia jinsi ya kuandika. Badala ya kuondoa reli ndani ya faili kubwa, ambako badiliko lako litapotea katikati ya mistari mia iliyolala, unaweza kuweka kifaili chako katika /etc/lightdm/lightdm.conf.d/. Sharti ni moja: jambo hilohilo lisiwe limefunguliwa katika lightdm.conf, maana lile husomwa mwisho na litakufunika. Ukitaka kuhakiki, amri ya lightdm --show-config itakuchapishia mipangilio yote iliyo hai, iliyounganishwa, kila mstari na herufi pembeni, A, B au C, na chini yake ufunguo wa herufi hizo: kila moja inatoka faili gani. Mhariri wa miswada ya kale ya tenzi hufanya kazi ileile anapoonyesha neno hili limetoka katika nakala ipi. Kwenye Debian ambayo haijaguswa amri hiyo inatoa mistari mitatu ya kifaili cha Debian, yote yenye herufi moja. Zile sauti zote zilizolazwa hazimo.

Badiliko lenyewe litaanza kufanya kazi LightDM ikiwashwa upya, na tahadhari hapa ni ya lazima: systemctl restart lightdm hufunga kila kikao kilicho wazi na kazi yote ambayo haijahifadhiwa. Ifanye wakati hakuna aliyeingia.

Kwa ile maabara ya shule, ningemshauri fundi arudishe orodha ya majina na kuiacha nywila mahali pake, iwe fupi na rahisi kukumbuka. Usumbufu mwingi unatokana na kuandika jina la akaunti, na hilo linaondoka kwa kubonyeza. Kifaili chake kingekuwa hivi:

# Orodha ya majina imerudishwa kwa ajili ya kidato cha kwanza:
# wengi bado wanakosea kuandika jina la akaunti.
# Skrini hizi hazionekani na watu wa nje. Zikihamishiwa
# ofisi ya mapokezi, tufute faili hili.
[Seat:*]
greeter-hide-users=false